Bei Moja, Magunia Mawili: Kuhakiki Nadharia ya Soko Lililoungana

Wapo wanauchumi wanaotufundisha kwamba bei za zao moja zikikaribiana katika miji ya nchi, basi soko la nchi hiyo limeungana na mkulima amekombolewa. Nusu ya kwanza ya hoja hii ina ukweli. Nusu ya pili ni kiini macho. Tuipime hoja hiyo kwa hali halisi ya Njombe na Makambako.

Makambako ni njia panda. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katika miaka ya 1970, inapita hapo pamoja na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Njombe na Songea. Bei ya viazi Dar es Salaam ikiizidi ya Makambako kuliko gharama ya kusafirisha, wafanyabiashara huikimbilia tofauti hiyo mpaka ipungue. Huo ndio ukweli wa nadharia.

Lakini bei kulingana si jambo geni kwetu. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Mkulima wa Njombe, wakati huo wilaya ya Mkoa wa Iringa, akalipwa sawa na aliye karibu na Dar es Salaam, na Nyanda za Juu Kusini zikaongeza mavuno. Hata hivyo gharama ya usafiri haikutoweka. Ilibebwa na Shirika la Taifa la Usagishaji na madeni yake. Aidha, tujikosoe: mwaka 1976 tulivunja vyama vikuu vya ushirika, tukamnyang'anya mkulima chombo chake, hadi sheria ya 1982 ilipovirudisha.

Biashara ya nafaka ilianza kulegezwa mwaka 1984. Je, sasa mzigo anaubeba nani? Hapa nadharia inanyamaza, na lumbesa inajibu.

Tuchukue mfano. Gunia la viazi la kilo 100 likiuzwa shilingi 60,000, kilo moja ni shilingi 600. Likishindiliwa na kuvikwa kilemba mpaka likafika kilo 130 kwa bei ile ile, kilo inashuka hadi shilingi 461. Anayeuza magunia 10 ametoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu kamili. Katika daftari la mtaalamu bei ya gunia haikubadilika; shambani unyonyaji umekwisha kutendeka. Kanuni za vipimo zinakataza gunia kuzidi kilo 100, lakini kanuni bila mizani kijijini ni karatasi tu.

Kwa hiyo kada asiulize tu kama bei za miji zimekaribiana. Aulize: mkulima amelipwa kiasi gani kwa kilo, mizani ni ya nani, na nani amekaa upande wake wakati wa kupatana? Jibu ni mizani ya kijiji na ushirika unaosimamiwa na wakulima wenyewe. Barabara huunganisha masoko. Haki ya mkulima huletwa na umoja wake.