Mikono Inayogeuza Nyayo

Kabla ya kugusa bandeji, mtaalamu wa fiziotherapia huosha mikono kwa maji ya vuguvugu. Asubuhi za Juni hapa Singida zina upepo wa baridi, na mtoto wa wiki tatu akiguswa na vidole vya baridi huukunja mguu papo hapo. Mguu uliokunjwa haupimiki. Basi anasubiri. Mama amekaa kwenye benchi, kanga imefunguliwa, mtoto ananyonya. "Mwache anyonye tu, mama," anasema, na kazi yote inayofuata inafanyika mtoto akiwa titini.

Chumba ni kidogo, katika hospitali moja ya mkoa huu, na leo ni siku ya nyayo kifundo. Kila baada ya wiki moja akina mama hufika hapa, wengine kutoka vijiji vya mbali vya Mkalama na Iramba, wakiwa wameacha alizeti haijapigwa. Watoto wao wamezaliwa unyayo umegeukia ndani na kuelekea chini, kisigino kimepanda juu. Hali hii hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila elfu, kwa wavulana karibu mara mbili ya wasichana, na nusu ya watoto hao huwa nayo kwenye miguu yote miwili. Kwa wengi wao chanzo hakijulikani. Hilo haliwazuii majirani kumlaumu mama.

Tazama kidole gumba cha mkono wake wa kushoto. Kinapita polepole upande wa nje wa mguu, mbele kidogo ya kifundo, kikitafuta kichwa cha mfupa uitwao talasi. Kuanzia kifundo kwenda chini, mguu wa binadamu una mifupa 26, na kwa mtoto mchanga sehemu kubwa ya mifupa hiyo bado ni gegedu. Talasi ni wa ajabu kati yake: hakuna msuli hata mmoja ulioshikizwa juu yake. Umekaa katikati ya mifupa miwili ya muundi kwa juu na mfupa wa kisigino kwa chini, na karibu kila upande wake ni uso laini wa kiungo, unaoteleza kwenye ute. Hausogei wenyewe; husogezwa na majirani. Ndiyo maana kidole gumba kinatua pale na kubaki pale. Talasi unakuwa msumari wa bawaba, na mguu wote uliobaki unauzunguka: mifupa ya mbele inakwenda nje, na kisigino, bila kuguswa, kinafuata chini yake.

Bila kuguswa, narudia, maana hapa ndipo matabibu wa zamani walipokwama. Walikandamiza pembeni katikati ya mguu, wakakizuia kisigino kisigeuke, kisha wakashangaa miezi ya plasta haizai kitu na kukimbilia kisu. Aliyeona njia ni Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, tangu miaka ya 1940. Alichunguza viungo hivi kwa subira mpaka akajua ni mfupa upi uzuiwe na ipi iachiwe. Wenzake walichukua miongo kadhaa kumsikiliza.

Hogo la kwanza, yaani plasta ya kuushikilia mguu, linamshtua kila mzazi. Mtaalamu anauinua mfupa wa kidole gumba cha mguu ili upinde wa unyayo ulegee, na kwa macho ya kawaida mguu unaonekana kugeuka ndani zaidi. "Daktari, mbona kama unazidi kuupindisha?" mama anauliza. (Hapa kila mwenye koti jeupe ni daktari.) "Lazima sehemu ya mbele ilingane na ya nyuma kwanza, mama. Zikishalingana, zitatoka nje pamoja."

Pamba inazungushwa, nyembamba, kwa sababu pamba nene huuachia mguu nafasi ya kurudi ulikotoka. Msaidizi anachovya bandeji ya jasi majini, anaikamua, anaanza kuizungusha kutoka vidoleni hadi chini ya goti, huku mtaalamu ameushika mguu. Jasi ikianza kupata joto na kukaza, vidole vyake havitulii: vinapapasa, vinafinyanga kuzunguka kifundo, vinalainisha juu ya kisigino, kisha vinahama. Kidole kikiganda mahali pamoja huacha shimo, na shimo huwa kidonda. Ndipo goti linakunjwa pembe mraba na hogo linapandishwa hadi pajani. Likiishia chini ya goti, litavuka kama soksi. Mwisho anakata ukingo ili vidole vionekane, anabonyeza kimoja hadi kiwe cheupe, anaachia, anaangalia damu ikirudi. Anabonyeza cha pili. Anabonyeza vyote.

Wiki inayofuata hogo linaloweshwa na kukatwa kwa kisu, na kano zilizokuwa zimekaza zinakutwa zimelegea kidogo. Ile nafuu ndogo anaichukua, anaifunga kwa hogo jipya. Kwa kawaida mahogo matano au sita yanatosha kuugeuza mguu nje hadi nyuzi 60 au 70. Sijamwona akilazimisha hata mara moja. Mtoto akianza kulia, analegeza mkono.

Kisigino ndicho hushuka mwisho. Kwa watoto wengi kano ya nyuma ya kisigino hukatwa kwa kisu chembamba baada ya sindano ya ganzi, tendo la dakika chache, kisha hogo la mwisho hukaa wiki tatu. Katika wiki hizo kano inaota upya, ikiwa ndefu zaidi.

Baada ya hapo kazi inahamia kwa fundi viatu. Huko Uganda, Michiel Steenbeek alibuni viatu vya ngozi vilivyoungwa kwa chuma, vinavyoweza kutengenezwa na fundi yeyote wa ngozi akishirikiana na mchomeleaji. Kiatu cha mguu uliotibiwa hutazama nje nyuzi 70. Mtoto huvivaa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana mpaka afike miaka minne au mitano.

Miguu mingi inayorudi kupinda ni ile ambayo viatu viliachwa mapema, mtoto akishaanza kutembea vizuri na nyumbani wote wakaona amepona. Ukiwa na mtoto wa namna hii, mvalishe viatu vyake usiku wa leo. Na ukimwona kichanga nyayo zimegeukia ndani, mwambie mama yake awahi hospitali katika wiki za mwanzo, kano zikiwa bado laini.