Herekali wa Pate na Herekali wa Tarnovo: Tafsiri na Umiliki katika Utendi wa Tambuka

Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, umezoeleka kusomwa kwa mambo mawili: ukongwe wake na dini yake. Nuskha ya mwaka 1728 hutajwa kama hati ya kuzaliwa kwa fasihi andishi ya Kiswahili, kisha kitabu hufungwa. Makala haya yanausoma utendi huu kama tafsiri, na yanautafutia mwenzake mbali kidogo, katika Bulgaria ya karne ya 14.

Katika karne hiyo, mjini Tarnovo, tarihi ya Constantine Manasses ilifasiriwa kutoka Kigiriki kwa ajili ya mfalme Ivan Alexander. Tarihi hiyo, inayoanza na kuumbwa kwa ulimwengu na kukoma mwaka 1081, inamsimulia pia Heraclius, yule yule Herekali wetu. Mfasiri hakuwa mtumwa wa matini. Alichomeka habari za Wabulgaria. Na pale Manasses alipomsifu Kaisari Manuel, yeye aliandika jina la Ivan Alexander, na sifa za Constantinople akaipa Tarnovo. (Nakala yake maarufu yenye picha iko Vatican, nuskha kongwe zina tabia ya kuhama.)

Bwana Mwengo wa Athumani, aliyetunga kwa amri ya mtawala wa Pate, hakupita njia hiyo. Herekali hakumhamishia Pate. Umiliki wake umo katika mizani minane ya kila mshororo na katika kina cha bahari kinachofungamanisha beti zaidi ya 1,100. Wapo wanaomlaumu kwa historia: msafara wa Tabuk wa mwaka 630 haukuzaa vita na Warumi, ilhali utendi una mapigano makali. Lawama hiyo haina uzito. Masimulizi ya Kiarabu ya maghazi yalikuwa yameshaikuza safari hiyo, na mshairi alifasiri masimulizi, hakuandika ripoti.

Kwa Bujumbura, suala hili linagusa mtaala. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kiswahili hufundishwa shuleni, lakini bado husikika hoja kwamba fasihi yake kongwe ni mali ya pwani, na kwamba Kiswahili chetu ni cha Buyenzi na sokoni tu. Kama umiliki ni mahali pa kuzaliwa, basi Tambuka si ya Pate pia, maana kisa kilitoka Uarabuni. Kama umiliki ni kazi ya kufasiri, mwanafunzi wa Kirundi ana mlango ulio wazi.

Washauri wa sera wangefanya vyema kuagiza toleo teule lenye hati ya Kiarabu, hati ya Kilatini, na nathari ya Kirundi kando yake. Lianze na barua ya Mtume kwa Herekali: hata katika hadithi ya Bukhari, mfalme huyo alimwita mkalimani kwanza.