Kunyata Nyuma ya Paka

Kuna kijana wa Malindi, Unguja, anayezunguka vichochoro vya Mji Mkongwe akiwafuata paka kwa simu iliyopachikwa kwenye gimbali, kijiti chenye mota za kutuliza picha. Hutoka alfajiri, wavuvi wakishusha samaki, kabla jua halijapanda na kukigawa kichochoro upande moto, upande kiza. Wapita njia humcheka. Mzee mmoja wa barazani alimwuliza, "Mwanangu, hiyo simu unaifundisha kutembea?" Akajibu, "Ndiyo inayonifundisha mimi, mzee."

Watu wakacheka zaidi, lakini kijana hakuwa anatania. Wengi wetu hudhani kile kifaa ndicho kifanyacho kazi yote. Kweli, mota zake tatu huuhisi mkono unapoyumba, zikairudisha simu mahali pake ikiinama, ikigeuka au ikilalia ubavu. Wazo lenyewe ni la kale: mabaharia waliiweka dira ndani ya pete zinazozunguka ili chombo kikilala upande, dira ibaki wima. Ila mota hizo haziwezi kuzuia kupanda na kushuka. Binadamu akitembea hupanda na kushuka kwa kila hatua, na mdundo huo huingia moja kwa moja kwenye picha. Steadicam ya Garrett Brown, kifaa cha kutuliza kamera kilichotumika kwenye filamu ya Rocky mwaka 1976, ilikuwa na mkono wa springi uliofungwa mwilini mwa mpiga picha ili kuumeza mdundo huo. Gimbali ya simu haina mkono wa namna hiyo. Springi ni magoti yako.

Basi mtazame kijana akiwa kazini. Magoti ameyalegeza, viwiko vimegusa mbavu, kisigino kinatua kwanza na unyayo unafuata polepole mpaka vidoleni. Pumzi anaivuta kidogokidogo. Mbele yake paka mwekundu, sikio moja limeliwa na ugomvi wa zamani, anakwenda zake kando ya ukuta. Mabega ya paka yanapanda na kushuka kwa zamu, kiuno kinapinda, lakini kichwa kimetulia kabisa, na mguu wa nyuma unakanyaga palepale ulipotoka wa mbele. Paka kazaliwa na gimbali yake. Atakaye kumfuata hana budi kunyata anavyonyata yeye, asimame anaposimama, akubali kwamba njia si yake. Mara nyingi safari yote huishia kwenye tundu la chini ya ngazi za mtu, na kijana hufunga simu akageuka bila kinyongo.

Kifaa anakishika kichwa chini, simu ikawa shubiri moja tu juu ya ardhi, sawa na macho ya paka. Kutoka hapo mji unakuwa mwingine. Milango ya nakshi ambayo wageni huipiga picha kwa juu, penye maua na maandishi, hapo chini inaonesha mbao zilizolika kwa maji ya mvua na viatu vya vizazi. Unaona vizingiti, mawe ya baraza yaliyong'aa kwa kukaliwa, chokaa iliyobanduka ikaacha matumbawe wazi, magurudumu ya mkokoteni wa muuza muhogo, ncha za mabuibui zikipita haraka. Nimezaliwa mji huu na sikuwahi kuuona hivyo. Siku aliyonionesha video hiyo nilimwomba airudie, tena na tena, kwa ajili ya pale paka anapokata kona na ukuta mrefu mweupe unapojifungua pole, bila hata mtetemo, kisha mwisho wake inatokea bahari.

Kazi hii ina adabu zake. Simu huipachika na kuisawazisha kwa mkono kabla ya kuwasha, maana mwenye haraka huiacha imeelemea upande, mota zikapata moto na chaji ikaisha kabla hajafika Darajani. Tena paka ana masikio yanayonasa sauti nyembamba tusizozisikia sisi, na mota huenda zikamshtua. Kwa hiyo kijana huwasha gimbali akiwa mbali, akakaa barazani na simu ameielekeza kwingine, mpaka mnyama amzoee.

Nani siku hizi ana muda wa kuzoewa? Simu mpya zimeanza kutuliza picha zenyewe, na watu wamechukulia kuwa utulivu umeshanunuliwa dukani. Kutwa utawaona wakimkimbilia paka, kijiti kimeelekezwa usoni pake, sekunde tatu, wimbo juu yake, basi. Paka ameshaingia chini ya mkokoteni. Kichochoro alichokuwa akipita hakikuonekana hata kidogo.

Na kutoonekana huko kuna gharama. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit el Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, ilianguka pamoja na mnara wake wa saa. Jioni ile wengi tulichakura simu zetu. Tulikuta jumba liko nyuma ya mabega ya shangazi, limekatwa kichwa, linatikisika, linapita mbio kwenda kwenye mishikaki ya Forodhani. Kijana alikuwa nalo zima, tangu ngazi mpaka saa, kwa mwendo mmoja wa polepole, kwa sababu tu paka mmoja alipenda kujianika pale.

Harusi zinalipa, paka hawalipi. Siku hizi anachukua kazi za harusi, na wateja wanataka bibi harusi azungukwe kwa kasi, muziki ukidunda. Zile video ndefu za alfajiri ameanza kuzikata vipandevipande vya sekunde kumi na tano, kwa kuwa ndefu, anasema, hakuna anayeifikisha mwisho. Nilimwambia azihifadhi nzima pia. Akaniambia simu imejaa.