Gofu ya Watu Wasiokuwepo

Diski yangu ya kwanza niliinunua soko la Toi, kwenye lundo la vikorokoro vya watoto: gari lisilo na magurudumu, mkono wa mwanasesere, kiatu kimoja cha kuteleza, na hii sahani nyekundu ya plastiki ambayo muuzaji aliapa ni frizbi. Alianzia mia, tukamalizia sabini. Ilikuwa ndogo kuliko frizbi za kawaida, nzito, na ukingo wake mnene kama wa sufuria. Chini yake mtu alikuwa ameandika jina lake na nambari ya simu kwa wino usiofutika. Nambari ya Marekani, tarakimu kumi. Beshte yangu, fundi wa simu ambaye hatuachani, aliigeuza mara mbili akasema, "Manze hii ni ya mtu." Nikamwambia kila kitu Toi ni cha mtu.

Tukaenda kuirusha. Haikupaa. Ilienda mbio kama mita ishirini, ikainama kushoto, ikajipiga chini. Tukarudia mpaka mabega yakauma, na kila mara ni kushoto, chini. Nikaamua nimeuziwa kitu kibovu, na sabini yangu imeenda.

Usiku nikaingiza kwenye Google jina lililopigwa chapa juu yake. Haikuwa frizbi. Ilikuwa diski ya masafa ya gofu ya diski, na imetengenezwa hivyo makusudi: mtu wa mkono wa kulia akiirusha kama anayefungua pazia, lazima mwishoni ikate kushoto. Ikikosa kasi, hukata mapema. Kumbe kibovu kilikuwa mkono wangu.

Kama huujui mchezo, ni huu. Unasimama mahali pa kuanzia, unarusha diski kuelekea kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo juu yake, unaifuata ilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, hadi iingie. Unahesabu mirusho, mwenye michache ndiye mshindi. Kila kikapu huitwa shimo ingawa hakuna shimo lolote, na kiwanja kamili huwa na mashimo 18. Wachezaji wana diski za masafa, za kati na za kumalizia, na wakubwa hutembea na begi lenye diski ishirini na zaidi. Sisi tulikuwa na moja.

Mwaka huo nilikuwa nimeacha chuo. Sitalieleza hilo sana. Karo ilikataa, halafu na mimi nikakataa. Ninachotaka ujue ni kwamba nilikuwa na muda, na kwa kipindi hicho nilitazama video za mashindano ya gofu ya diski kwa masaa ambayo sitayataja, kwa sababu mamangu hutumiwa linki zangu na shangazi. Nilizitazama kama wenzangu walivyokuwa wakisoma riwaya za mtihani. Na nikaanza kuona kwamba kiwanja ni kitu kilichoandikwa. Kuna mtu aliyeamua kwamba mti huu utakunyima njia ya kulia, kwamba kikapu hiki kitakaa ukingoni mwa mteremko ili diski ikigusa chini vibaya iviringike hadi mtoni, kwamba baada ya mashimo matatu magumu upewe moja la kupumua. Kiwanja kizuri hakikuambii kinachotaka. Kinaacha ukosee kwanza.

Historia yake inaanzia kwa bwana mmoja, Ed Headrick, aliyekuwa akifanya kazi Wham-O, kampuni iliyokuwa ikiuza frizbi. Ndiye aliyepata hataza ya frizbi iliyoboreshwa mwaka 1967. Watu walikuwa tayari wanacheza gofu ya kurusha, wakilenga miti, nguzo za taa na mapipa ya taka. Mwaka 1975 Headrick akachora kiwanja cha kwanza cha kudumu, Oak Grove, katika bustani ya umma huko La Cañada Flintridge, California, jirani kabisa na ile maabara ya NASA inayotuma vyombo kwenye sayari nyingine. Mwanzoni shabaha zilikuwa nguzo tu. Kikapu chenye minyororo kilikuja baadaye, hataza yake ikatoka 1977, na huyo bwana akaacha ajira akawa anauza vikapu kupitia kampuni yake mwenyewe. Alipofariki 2002, majivu yake yakachanganywa kwenye plastiki, yakatengenezewa diski. Nilipomsomea beshte yangu hiyo sehemu alinyamaza, kisha akasema wazungu wana mambo.

Hadithi ambayo mchezo huu hujisimulia ni kwamba ndio gofu ya watu. Hauhitaji uanachama, wala kofia fulani, wala nyasi zinazonyweshwa maji usiku kucha. Viwanja vingi viko kwenye bustani za umma na kuingia ni bure. Finland na Estonia, nasikia raha nikiona ramani zao, zimejaa vikapu hadi kwenye miji midogo. Ukikulia Nairobi hadithi hii inakupata pabaya. Royal Nairobi Golf Club, iliyoanzishwa 1906, imepakana na Kibera. Toi iko karibu tu na hapo. Mimi nimenunua diski yangu kwa sabini, umbali wa kutembea kutoka kwa nyasi ambazo sijawahi kuzikanyaga, na mtu ananiambia kuna gofu ambayo haina lango. Ningekosaje kuamini?

Niliamini kabisa. Sasa naamini nusu, na kilichonipunguzia imani ni ile video ninayoipenda kuliko zote.

Kama ningempa mtu asiyeujua mchezo huu kitu kimoja atazame, ningempa shimo la mwisho la mashindano ya dunia ya 2021, yaliyochezwa Ogden, Utah. Kiwanja kiko ndani ya bustani ya umma, Fort Buenaventura. Paul McBeth, wakati huo bingwa wa dunia mara tano, mtu ambaye mwaka huohuo alikuwa ametia saini mkataba wa dola milioni 10 wa miaka kumi, anaongoza kwa mrusho mmoja. James Conrad, nywele ndefu, ndevu ndefu, kama jamaa anayeuza bangili ufuoni, yuko futi 247 kutoka kikapuni, kama mita 75. Kumfikia McBeth, lazima aingize kutoka hapo. Hakuna anayeingiza kutoka hapo. Anarusha. Diski inakwenda polepole kiasi kwamba una muda wa kufikiri haiwezekani, halafu unasikia minyororo. Watu wanaruka, watangazaji wanabaki wakipiga kelele badala ya kutangaza, na katika mchezo wa nyongeza Conrad anachukua ubingwa.

Nimeiona labda mara hamsini. Mara kumi za kwanza nilitazama diski. Baadaye nikaanza kutazama pembeni mwa picha, kama unavyofanya na sinema unayoijua mwisho wake. Kuna mashabiki wamepangwa kwenye mstari. Nyuma ya mashabiki ni miti na nyasi. Hakuna anayepita na mizigo kuelekea kazini. Hakuna anayelala chini ya mti kwa sababu hiyo ndiyo saa yake ya kulala. Nikarudi kwenye video nyingine, viwanja vingine, na nikaanza kuutafuta huo umati wa bustani ya umma. Mara mojamoja mwanamke na mbwa wake. Basi.

Hapo ndipo penye tatizo langu. Gofu ya watu inahitaji watu wasiwepo. Mirusho ya mita 75 kupita juu ya nyasi inawezekana pale ambapo nyasi hizo hazina mtu. Si uchoyo wa mtu yeyote, ni hesabu: diski inaruhusiwa kufika hadi gramu 200, ina ukingo mgumu, na anayeirusha vizuri hawezi kuirudisha ikishatoka mkononi. Njoo Uhuru Park Jumapili alasiri uniambie utaweka wapi shimo la kwanza. Kati ya mhubiri na wapiga picha? Kati ya familia tatu zenye blanketi moja? Bustani zetu zimejaa kwa sababu ni chache, na zilizopo zilipiganiwa. Uhuru Park ingekuwa na jengo la orofa 60 kama Wangari Maathai angenyamaza mwaka 1989. Siwezi kuja na vikapu 18 na kuwaambia waliobaki na kipande cha nyasi wasogee kidogo, tunacheza mchezo wa wote.

Lakini nimesema nusu, kwa hivyo wacha nieleze nusu nyingine.

Mimi na beshte yangu tulijitengenezea kiwanja. Bustani sitaitaja, maana bado tunaihitaji. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla watu hawajaingia, tukachagua miti tisa. Shimo la kwanza jakaranda, la pili nguzo ya taa isiyowaka, la tatu pipa la taka. Bila kujua sana, tulikuwa tunacheza ule mchezo wa kabla ya Headrick. Na tuligundua shida ya kucheza bila minyororo, yaani ugomvi. "Imegusa." "Haijagusa, hilo ni jani." "Buda, nimesikia." "Umesikia jani." Sifa ya kikapu sikuielewa kwenye video. Niliielewa pale, tukiwa tumesimama chini ya mti tukibishana kama mawakili. Minyororo ni shahidi, ikilia mzozo umeisha.

Asubuhi ya nne soja akatukuta.

"Nyinyi vijana mnafanya nini hapa?"

"Tunacheza, mkubwa."

"Mnacheza nini?"

Hapo ndipo tulikwama. Jaribu wewe. Uko na diski moja nyekundu yenye jina la mtu mwingine, unarandaranda kati ya miti alfajiri, unasimama, unaangalia huku na huku, unarusha, unaingia kichakani. Beshte yangu akasema gofu. Soja akamwangalia kwa muda mrefu. Akauliza fimbo iko wapi. Akaomba vitambulisho. Mimi nikatoa mkononi kitu cha kwanza nilichoshika, kitambulisho cha chuo, muda wake ukiwa umepita miezi minane, na nikajua nimekosea kabla hajakisoma.

"Hapa imeandikwa wewe ni mwanafunzi."

"Ndiyo, mkubwa."

"Leo ni Jumatano. Hauna masomo?"

Sikuwa na jibu. Hakutupiga, hakutuomba kitu, alitutoa tu nje ya lango akatuambia tutafute kazi ya kufanya. Alikuwa mtu mzima wa umri wa babangu na sidhani alikuwa mbaya. Alikuwa amewekwa pale kuuliza swali moja, na sisi hatukuwa na jibu linaloeleweka.

Tangu siku hiyo nakiona kikapu kwa jicho lingine. Kwenye video kinaonekana kifaa cha kunasia diski. Kumbe pia ni kibali. Kile chuma kikisimama kwenye nyasi kinamjibu soja kabla hajauliza: hawa wanacheza, mchezo wenyewe ni huu, kuna mtu alikubali. Mtu mwenye mbwa hahitaji kujieleza bustanini, wala mtu mwenye viatu vya kukimbia vya rangi kali. Kijana aliyesimama tu ndiye huulizwa. Miaka miwili na nusu kitambulisho cha chuo kilinijibia maswali mengi, benki, maktaba, langoni, hadi nikadhani ni mimi niliyekuwa nikiheshimiwa. Kikapu kingenisaidia zaidi ya shahada ambayo sikumaliza, angalau saa hiyo ya asubuhi.

Kwa hivyo nikisoma wanaoupenda mchezo huu wakisifu uhuru wake, bure, wazi, hakuna lango, nataka kuwaambia wanasifu kitu kisicho sahihi. Ubure si neno. Bustani yetu pia ni bure. Kilicho adimu ni chuma kidogo kinachosema unaruhusiwa kuwa hapa bila kununua kitu. Na nikikumbuka kwamba chuma hicho kilikuwa na hataza, na kwamba aliyekibuni aliacha kazi ili akiuze, sikasiriki. Nashangaa tu kwamba ruhusa ya kucheza inaweza kutengenezwa kiwandani na kupakiwa kwenye meli.

Ningetaka kikapu kimoja. Hapana, visikuwe 18. Kimoja, pembeni, mbali na njia ya wapita miguu, mita 25 hivi kutoka mahali pa kuanzia, cha diski za kumalizia ambazo ni butu na haziumizi sana. Shimo moja lenye foleni. Wanaopenda viwanja vikubwa watasema huo si mchezo, na labda wana haki. Hakuna video itakayotoka hapo. Beshte yangu anasema anaweza kukichomelea kwa rimu ya baiskeli na minyororo ya pikipiki iliyochakaa, na tayari ana rimu. Swali ni nani atatukubalia kukisimamisha, na hapo tumerudi kwa soja.

Tulirudi kucheza wiki mbili baadaye, bustani ileile, soja mwingine. Shimo la sita ni mkaratusi. Nilirusha vizuri kuliko nilivyowahi kurusha, diski ikaenda juu, ikakata kushoto kama ilivyoandikiwa, ikaingia kwenye matawi, haikushuka. Tulisubiri. Tuliurushia mti mawe, halafu kiatu cha beshte yangu, halafu tukaanza kusubiri viwili. Kiatu kilishuka.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeongeza nambari yangu chini ya diski, pembeni mwa ile ya mwenyewe wa kwanza. Upepo ukivuma sana mtu anaweza kuiokota. Sijui atapiga ipi.