Usalama, Ulinzi na Majengo ya Kihistoria

Wafasiri wa miongozo ya majengo hukutana mara kwa mara na dhana tatu zinazoishi chini ya paa moja: kurekebisha joto na unyevu wa ndani, kujikinga na moto, na kuzuia wizi. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki jinsi dhana hizo zinavyofasiriwa pale jengo linapokuwa la kihistoria, na kuzipima istilahi zake kwa kuzipeleka Masasi na Newala.

Masasi inatufaa kwa sababu mbili. Kituo chake cha misheni ya Kianglikana kilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Na Steere mwenyewe alikuwa mfasiri, aliyetoa kitabu cha mafunzo ya Kiswahili mwaka 1870 na kufasiri Agano Jipya. Pili, kituo hicho kilivamiwa mwaka 1882, kisha kikateketezwa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji. Moto na uvamizi, basi, ni sehemu ya historia yenyewe ya mahali hapo.

Tuanze na neno usalama. Wafasiri wengi hulitumia kwa kinga dhidi ya moto na pia kwa kinga dhidi ya wezi. Chukua agizo kama hili: “Milango yote iwe ya usalama.” Mlinzi atakayelisoma ataongeza komeo na kufuli, na madirisha atayatia nondo. Askari wa zimamoto atataka mlango huo huo ufunguke kwa nje, bila ufunguo, hata gizani. Wote wawili wametii maandishi, lakini mmoja wao amewafungia watu ndani ya moto. Kosa hilo halikuanzia kwa fundi wala kwa mlinzi. Lilianzia mezani kwa mfasiri.

Yuko atakayetupinga kwamba Usalama wa Taifa ni jina lililokwisha kukubalika, na kwamba mikoa na wilaya zina kamati za ulinzi na usalama. Hatukusudii kuyagusa majina hayo. Tunachosema ni kwamba, katika maandishi ya majengo, maneno hayo mawili hayana budi kugawana kazi: usalama uhusu watu kuepushwa na madhara, na ulinzi uhusu mali na jengo kukingwa dhidi ya mwenye nia mbaya. Mlango wa kukimbilia uitwe mlango wa dharura, wala usiitwe mlango wa usalama.

Dhana ya moto nayo imefinywa. Mara nyingi yote huandikwa “vifaa vya zimamoto”. Neno zimamoto ni zuri, ila linataja hatua ya mwisho tu. Kabla ya kuzima kuna kuzuia moto usiwake, kuugundua mapema, na kuwatoa watu. Upungufu huu ni mzito zaidi katika nyanda za juu za Wamakonde, ambako kwa miaka mingi watu walishuka mabondeni kuteka maji, na ambako maji ya bomba yalianza katika miaka ya 1950 kwa kupandishwa kwa mitambo. Vinyunyizio vilivyofungwa darini havina faida pasipo tangi lenye maji. Kinyume chake, nyaya zilizokaguliwa, king’ora kinachosikika na mlango usiozibwa havihitaji hata ndoo moja. Twapendekeza istilahi kinga dhidi ya moto, na zimamoto ibaki kuwa sehemu yake.

Mwisho ni hewa ya ndani. Tumewahi kusoma “udhibiti wa tabianchi ya jengo”. Tabianchi ni mwenendo wa hewa ya nchi kwa miaka mingi. Chumba hakina tabianchi. Wengine huandika “uwekaji wa viyoyozi”, lakini hilo ni jina la chombo, si la kazi. Kwa kulitumia, mfasiri amekwisha kumwamulia msomaji atoboe ukuta wa mawe kabla hajapima chochote. Huenda kuta nene, baraza pana na madirisha yanayoelekeana vikatosha, hasa Newala, juu ya uwanda wenye upepo. Urekebishaji wa joto na unyevu ni maneno marefu, lakini yanaacha nafasi ya kufikiri.

Waswahili husema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Katika maandishi ya majengo, ulimi wa mfasiri ukijikwaa, huumia mtu mwingine kabisa. Twawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya kazini mwao, na kuleta yaliyo bora kuliko yetu.