Kantri na Wageni Wake

Mwaka 1975, huko Nashville, Marekani, Charlie Rich aliiwasha moto karatasi iliyomtaja John Denver kuwa msanii bora wa muziki wa kantri. Wengi waliuona moto huo kuwa hukumu juu ya wageni wa pop. Ajabu ni kwamba Rich, mshindi wa 1974, alivuma kwa nyimbo laini zilizopambwa kwa okestra, ambazo wapenzi wa pop walizinunua pia! Taylor Swift alipoipata tuzo hiyo mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 19, lawama zilirudi zile zile. Nyimbo zake za awali zina masimulizi na banjo. Yaelekea kilichoudhi ni ujana wa wasikilizaji wake. Albamu yake ya 2014 aliitangaza mwenyewe kuwa ya pop.