Sakafu ya umeme haikaushi dagaa bure

Matangazo ya sakafu zinazopashwa joto kwa umeme yana sifa moja wanayoipenda: ufanisi wa asilimia 100. Ni kweli, ila hata pasi yako inayo! Umeme ukipita kwenye waya wenye ukinzani, wote huishia kuwa joto. Swali ni joto hilo linafanya kazi gani, na bili analipa nani.

Norway waya hizo huzikwa chini ya njia ya gari kuyeyusha theluji. Sawa. Sisi Kirumba tuna dagaa wabichi na mvua za masika, kwa hiyo wazo la kumwaga zege lenye waya pale Mwaloni linavutia. Lakini piga hesabu kwanza. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunataka kilojuli 334. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke, takribani 2,260. Yaani kutoa kilo 100 za maji kwenye dagaa ni uniti kama 63, na hapo joto linalopotea hujalihesabu. Jua la saa sita linamwaga karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, bure kabisa.

Taa ya joto ya vifaranga, hiyo naisifu: inapasha mwili wa kifaranga bila kusubiri hewa ya banda zima, na moshi wa mkaa haupo. Dagaa wa masika wajengee chanja chini ya plastiki angavu, pande ziwe wazi upepo upite.